Ordinateri ya nyumbani: namna ya kuitunza idumu, na namna ya kutopoteza yaliyomo

Haya ni maneno ya katibu wetu wa zamani kwenye mkutano wa wanachama hapa Uvira, mwezi wa 7 mwaka 2024. Tunayaandika kwa sababu siku ile grupe ya jirani ilipiga kelele sana na waliokaa nyuma hawakusikia. Tumeyaacha karibu kama alivyoyasema.

Mzee mwenyekiti, bamama, babaa, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, jambo yenu wote. Na ninyi wafadhili wetu mtakaosoma haya mkiwa mbali, jambo yenu pia.

Nimeombwa niseme juu ya ordinateri. Sisi tulioteremka meli pale Baraka tukitoka Kigoma tulizoea kusema kompyuta, waliobaki hapa wanasema ordinateri au mashine tu. Ni kitu kimoja. Leo nitachanganya majina yote, mnivumilie.

Sitaanza na namna ya kupangusa vumbi. Nitaanza na kosa langu, maana wengi wenu mnalijua nusu nusu, na afadhali mlisikie kwangu mwenyewe.

Tulianza kuandika michango ya chama kwenye ordinateri mwezi wa 2 mwaka 2018. Kila mwanachama alikuwa na kadi yake ya karatasi nyumbani, na mimi nilikuwa na orodha ya wote kwenye mashine. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ukatoka kwenye njia yake. Ile usiku sina haja ya kuwaeleza, mlikuwapo. Kadi nyingi zilikwenda na maji, pamoja na vyombo na kuta. Sisi wa kamati tukasema, hakuna shida, orodha iko kwa ordinateri ya katibu.

Haya. Mwezi wa 2 mwaka 2021 nilitoka Kalundu kwa pikipiki, mashine iko ndani ya begi mgongoni. Sikuwa nimeizima. Niliifunga kifuniko tu, kama watu wengi wanavyofanya, nikijua imelala. Njia mnaijua, mashimo juu ya mashimo. Nilipofika nyumbani nikaifungua, ikaanza kutoa sauti: tak, tak, tak. Kioo cheusi. Nikaipeleka kwa fundi, akatikisa kichwa. Nikaipeleka kwa mwingine, akapokea dola 20 na kunirudishia mashine vilevile, tak, tak, tak.

Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko lile la pikipiki. Niliona haya, nikafungua orodha mpya kwenye daftari, nikaanza upya mwezi wa 3 kama vile hakuna kilichotokea.

Miezi 4 ikapita, mama mmoja wa kartie Kasenga akafiwa na mume. Sheria yetu mnaijua: aliyechanga miezi 24 au zaidi, chama kinamsaidia jeneza na pesa za msiba. Kadi yake ilikwenda na maji. Orodha ilikufa ndani ya mashine yangu. Alisimama hapa mbele, palepale nilipo mimi sasa, akaniuliza: “Nilikuwa ninalipa kila mwezi. Katibu, haukuwa unaandika? Uliandika wapi?”

Sikuwa na jibu. Watu wengine walisema analipa, wengine walisema hawakumbuki. Kamati ikatoa nusu. Jeneza likanunuliwa kwa deni.

Kilichotuokoa ni bahati, si akili. Mwaka 2019 niliwahi kwenda sekretaria moja ya mjini kuchapisha orodha kwa ajili ya ripoti ya wafadhili, na yule kijana wa pale alikuwa na tabia ya kutofuta kitu. Siku moja napita, ananiambia, “Mzee, faili yenu bado iko hapa.” Ilifika mwezi wa 10 mwaka 2019. Mama yule, miezi 21, hakuna pengo hata moja. Sheria inadai 24, ndiyo, na tulibishana juu ya hilo jioni nzima, lakini mwishowe kamati ilikubali. Akapata nusu yake ya pili, majuma 7 baada ya maziko. Majuma 7 na deni la jeneza. Yeye mwenyewe yuko hapa leo na ameniruhusu kulisema.

Tangu siku hiyo ninaigawa ordinateri sehemu mbili kichwani mwangu. Kuna mashine, na kuna yaliyomo. Mashine ikifa, ni pesa, tutalia na tutatafuta nyingine. Yaliyomo yakifa, hakuna duka linaloyauza. Na yaliyomo siku hizi si orodha ya michango tu. Wengi wenu mmeniletea karatasi nizipige picha: vyeti vya shule ambavyo watoto walipewa kambini Tanzania, karatasi za kuzaliwa, ile karatasi ya HCR ya kurudi kwa hiari. Cheti cha shule iliyokuwa Lugufu utakiombea nani leo? Kambi yenyewe haiko tena.

Basi nianze na diski, maana ndipo yaliyomo yanapokaa.

Mashine nyingi tulizo nazo ni za zamani, na ndani yake mna diski ya kuzunguka. Ni sahani ya kweli, inazunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kidole chembamba kinachosoma karibu kabisa na sahani bila kuigusa. Ukiitikisa wakati inazunguka, kidole kinapiga sahani na kuikwaruza. Ukifunga kifuniko bila kuzima, mara nyingine mashine hailali kweli, au inaamka ndani ya begi. Kwa hiyo kabla ya pikipiki, zima kabisa, ngoja taa zote zife, halafu uweke ndani ya begi. Ni dakika moja.

Ukianza kusikia ile tak tak, au kufungua faili kunachukua muda kuliko jana, au faili moja inakataa, usiendelee kufanya kazi na usiwashe na kuzima mara kumi ukitumaini itapona. Kila mara unapoiwasha unaongeza kidonda. Ikiwa bado inafunguka, nakili kwanza vile vitu ambavyo huwezi kuvipata tena, muziki na filamu baadaye.

Lakini usingoje tak tak. Kila kitu cha maana kiwe mahali patatu: ndani ya mashine, kwenye diski ya nje au kle, na pa tatu pawe nyumba nyingine. Nyumba nyingine, si chumba kingine. Mwaka 2020 watu walikuwa na nakala nzuri sana, imewekwa kwenye droo chini ya meza ileile ya ordinateri, vyote vikaenda pamoja. Na mwaka huu ziwa limepanda mpaka watu wa kando ya maji wamehama, mmeona wenyewe. Nakala ya pili ya chama sasa iko kwa mtu anayekaa juu, upande wa mlima.

Na kle peke yake si ghala. Kle ni ya kusafirisha. Inapotea, inafuliwa na suruali, na siku moja inakataa tu bila sababu. Ukiweka kitu humo, kiwe pia mahali pengine.

Mtu ataniuliza juu ya intaneti, kwamba megabaiti ni ghali. Kweli, ukitaka kupandisha video ya harusi. Lakini orodha yetu ya michango, wanachama wote, miaka yote, ni ndogo kuliko picha moja ya simu. Naijituma mwenyewe kwa barua pepe kila mwisho wa mwezi, na ninamtumia pia mhasibu. Inachukua nusu dakika. Laiti ningefanya hivyo mwaka 2020, yule mama asingesimama hapa. Na kila miezi 3 tunachapisha kwa karatasi, watu wa kamati wanatia sahihi. Karatasi nayo haidharauliwi, haihitaji umeme.

Jambo moja katikati, nisilisahau. Ukiwa na karatasi za watu ndani ya mashine, weka neno la siri. Vijana wa nyumbani wasiingie kucheza humo. Karatasi ya mtu ni maisha yake.

Sasa umeme, ndio unaoua mashine nyingi hapa kwetu.

Umeme wetu una tabia mbili mbaya. Unaondoka bila kuaga, na ukirudi unarudi kwa hasira. Zile sekunde za kwanza za kurudi ndizo za hatari, kwa sababu kila frigo na kila pasi ya kartie nzima inashtuka pamoja, na nguvu inapanda na kushuka. Dawa yake haigharimu hata franka moja: umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika 5, angalia taa ya nyumba kama imetulia, ndipo uchomeke. Mimi nyumbani nimewafundisha watoto, umeme ukiondoka wanakimbilia ukutani kabla ya kutafuta tochi.

Mwenye jirani anayechomelea vyuma anajua jambo lingine. Akigusa chuma, taa yako inapiga magoti. Kwa laptopi si mbaya sana. Angalieni chaja zenu, zimeandikwa volti 100 mpaka 240, maana yake zinavumilia nguvu ikishuka. Ikipanda kupita pale, chaja inaungua, na mara nyingi inakufa yenyewe ikiiokoa mashine. Lakini ile ordinateri kubwa ya mezani haina bateri, kila katiko ni kama kumpiga mtu usingizini. Ukiwa nayo, tafuta ondulere. Ondulere si ya kutazamia mpira! Inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima taratibu, basi. Na bateri yake inazeeka, baada ya miaka 2 au 3 inaweza kuwa sanduku tu lenye taa. Ijaribu: chomoa ukutani mashine ikiwa imewaka na kazi imehifadhiwa, uone kama inashika.

Wenye grupe, washeni kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke ordinateri. Na uichomoe kabla ya kuzima. Msiache grupe ife yenyewe kwa kukosa mafuta wakati mashine iko juu yake. Pale inapokohoa mwisho mwisho, volti zinarukaruka vibaya.

Wenye pano za jua, hesabu ni hii. Laptopi inakula kati ya wati 30 na 65. Bateri ya volti 12 na amperi-saa 100 ina kama wati-saa 1,200 ndani yake. Lakini bateri hizi za asidi hazipendi kunywewa kupita nusu. Ukizimaliza kila siku, hazifiki mwaka wa pili. Kwa hiyo hesabu 600, na toa kidogo kinachopotea kwenye konvertisere. Laptopi ya wati 45 itakwenda saa 10 hivi, na hapo hujawasha taa wala kuchaji simu za jirani. Na sisi, tuseme ukweli, simu za jirani ndizo zinazoua bateri zetu. Ukiwa na kipimo, bateri iliyopumzika ikisoma volti 12.2 hivi, imefika nusu, acha hapo.

Chaja ikifa, msinunue yoyote inayoingia kwenye tundu. Soma chini ya ile ya zamani. Volti ziwe sawa: 19 kwa 19. Amperi zikizidi si kitu, mashine inavuta inachohitaji, lakini zikipungua chaja itachemka. Na ile alama ndogo ya jumlisha na toa, ifanane. Kuna ndugu hapa alinunua chaja ya bei rahisi sokoni, ya volti nyingine kabisa, akalipa mara mbili: chaja, halafu mashine.

Vumbi na joto. Hapa nitakwenda haraka.

Mashine ina feni ya kuvuta upepo wa baridi na kutoa wa moto. Majira haya ya kiangazi vumbi la barabara linaingia humo na kugeuka kama blanketi. Feni inapiga kelele, mashine inachemka, inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na mtu anasema ina virusi. Haina virusi, ina vumbi. Usiiweke juu ya kitanda wala juu ya kitenge, matundu ya chini yanazibwa. Juu ya meza, au hata juu ya ubao. Ukimaliza kazi, ifunike kitambaa, lakini ikiwa imezimwa na imepoa.

Kila miezi 6, fungua au umpe fundi afungue. Chukua burashi laini ya rangi, mpya, kavu. Shika feni kwa kijiti isizunguke, halafu futa. Msipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Na msimpelekee yule kijana wa kujaza upepo magurudumu, ule upepo una nguvu mno na una maji ndani yake. Nimewahi kukuta mende watatu na yai la mjusi ndani ya ordinateri moja ya mezani. Joto linawavuta. Mwenye mashine hiyo yuko hapa, sitamtaja, anacheka.

Mashine ikiloa, iwe maji ya mvua au chai, usiiwashe kuona kama inafanya. Zima, chomoa, toa bateri kama inatoka, iache wazi siku kadhaa. Iliyozama kwenye matope ya mto, isahau kama mashine, lakini usiitupe. Diski mnaweza kuitoa na kumpa fundi anayejua. Pengine yaliyomo yako salama.

Sasa kle, na ugonjwa wake. Huu mnaujua wote.

Unakwenda sekretaria kuchapisha barua, unarudi nyumbani, unachomeka kle, faili zako zote zimegeuka njia za mkato. Unabonyeza, hakuna. Mtu analia, “Kazi yangu imefutika!” Haikufutika, bandugu. Kile kirusi kimezificha faili zako na kuweka mahali pake vibandia vyenye majina yaleyale, na ukibonyeza kibandia ndipo unakiingiza kwenye mashine yako. Kwa hiyo usibonyeze. Na usikubali mtu akuambie “tuformate” kabla hujatoa vitu vyako.

Fanya hivi. Chomeka kle, angalia imepewa herufi gani, tuseme E. Fungua dirisha jeusi la amri kwa kuandika cmd mahali pa kutafutia. Halafu andika mstari huu, bila kukosea nafasi:

attrib -s -h -r /s /d E:\*.*

Bonyeza Entrée, ngoja. Ukiifungua tena, faili zako zitakuwapo pamoja na vile vibandia. Nakili zako, zipitishe kwenye kinga ya virusi, ndipo usafishe kle yote. Kama herufi ya kle yako ni F, weka F. Mstari huu tumeubandika pia mlangoni mwa ofisi.

Kinga ya virusi: Windows 10 na 11 zina kinga yao, ya bure, inatosha nyumba nyingi. Kasoro ni kwamba isipoonja intaneti inazeeka, haijui virusi vipya. Hata mara moja kwa juma, iunganishe na simu ipate chakula chake. Msiweke kinga mbili pamoja, zinapigana na mashine inakuwa nzito kama imebeba mihogo. Mwenye kazi nyingi ya sekretaria awe na kle mbili, moja ya kutoka na moja isiyotoka nyumbani kabisa.

Na hizi programu zinazojitokeza kwenye kioo zikisema “ordinateri yako ni mgonjwa, bonyeza hapa iponyeke,” hizo ndizo ugonjwa wenyewe. Vilevile zile za kuvunja kufuli ya Windows au Word, zinazopitishwa mkono kwa mkono. Najua kwa nini watu wanazitumia, pesa ya kununua haipo. Lakini nyingi zina kitu ndani. Kwa barua na hesabu kuna LibreOffice, ni ya bure kihalali. Orodha yetu ya chama iko humo sasa, na mhasibu wetu aliyekuwa analalamika mwezi wa kwanza halalamiki tena.

Juu ya mashine kuwa nzito. Watu wananiletea wakisema, “Mzee, imechoka, ninunue nyingine?” Mara nyingi hapana.

Kwanza angalia imejaa kiasi gani. Diski ya Windows ikijaa mpaka juu, mashine inakosa pa kugeukia. Iachie nafasi, angalau sehemu moja ya tano iwe tupu. Hamisha filamu. Pili, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda pale palipoandikwa « Démarrage », utaona programu zote zinazoamka pamoja na mashine asubuhi. Nyingi hukuziita. Zima zile unazozijua si za lazima. Ile usiyoijua, iache au uulize. Tatu, kwenye intaneti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao na uweke « Connexion limitée ». Bila hiyo Windows inakula megabaiti zako kimyakimya, ndiyo sababu unaweka forfait asubuhi na saa sita imekwisha. Siku ukipata wifi ya mtu, iondoe, iache ijitengeneze.

Ikiwa bado ni nzito, toa ile diski ya kuzunguka, weka ile isiyo na kitu kinachozunguka, inaitwa SSD. Mashine ya ofisi yetu ya mwaka 2013 tuliifanyia hivyo. Diski ya gigabaiti 240, tuliinunua dola 30, fundi dola 5. Zamani unaiwasha, unakwenda kuteka maji, unarudi bado inazunguka. Sasa ni chini ya dakika moja. Na haiogopi mashimo ya Kalundu kama ile ya kwanza. Lakini nayo inaweza kufa, na ikifa haitoi tak tak, inanyamaza tu. Kwa hiyo nakala ni palepale.

Habari moja ya mwaka ujao. Kampuni ya Microsoft imetangaza kwamba Windows 10 haitapata matengenezo ya bure baada ya tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025. Haina maana kwamba mashine itazimika siku hiyo. Itaendelea, lakini matundu yatakayogunduliwa hayatazibwa. Windows 11 inadai mashine za karibuni, nyingi zetu haziifikii. Tumejaribu Linux Mint kwenye mashine moja ya ofisi, ni ya bure, inakwenda vizuri kwenye mashine kuukuu, na virusi vya kle za sekretaria havina kazi humo. Anayetaka kuiona aje.

Hapo niseme neno kwa wafadhili, na mwenyekiti amenikubalia nilinene wazi. Tunashukuru kwa ordinateri mlizotuma. Zile laptopi 6 zinafanya kazi, vijana wanajifunza juu yake. Lakini zile 4 kubwa za mezani zenye vioo vyake, tulilipa pesa nyingi kuzitoa mpakani, na moja peke yake inakula umeme wa laptopi tatu au nne. Pano zetu haziziwezi. Ziko pale pembeni zimefunikwa. Mkitaka kutusaidia tena, laptopi moja yenye bateri nzuri na chaja yake halisi ni bora kuliko nne za mezani. Na kama pesa ni kidogo, SSD tano na diski ya nje mbili zitaamsha mashine ambazo ziko tayari hapa mikononi mwetu. Tafadhali zifuteni kabla ya kutuma. Tumekuta humo picha za familia za watu na barua za benki, tukazifuta sisi wenyewe bila kuzisoma.

Nimesema mengi na grupe ya jirani imenishinda sauti. Jumamosi ijayo, tangu saa tatu asubuhi, nitakuwa ofisini na fundi. Leteni mashine zenu na chaja zake, leteni na burashi. Wale ambao karatasi zenu hazijapigwa picha tangu maji ya mwaka huu, leteni karatasi, hakuna malipo. Na bado tunatafuta mtu wa tatu wa kuhifadhi diski ya chama, awe anakaa mbali na mto na mbali na ziwa, na asiwe wa kamati. Mama yule wa Kasenga amejitolea, lakini nyumba yake bado iko karibu na maji. Nani mwingine?